Bakuli la Mama Mkwe

Kinshasa, Jumatano tarehe 7 Juni 2023

Viviane mwanangu,

Wameanza. Mashine imenipiga mara tatu tayari na haikuniuma. Najua hilo ndilo ulilotaka kulisikia kwanza, basi umelisikia. Sasa kaa chini usome mengine, maana mwenye mimba ya miezi minane hasomi barua amesimama.

Daktari alinieleza kama mkunga anavyomweleza mkunga mwenzake, nami nikampenda hapo hapo. Uvimbe uko kwenye kisanduku cha sauti, umekua sana, na umeshazaa mdogo wake kwenye tezi ya shingo. Kumbe ule ukwaruzo wa mwaka mzima haukuletwa na kuwapigia kelele wanawake wa Kabambare wasukume. Njia moja ni kukata na kutoa kisanduku chote, nipumue kwa tundu la shingoni, na sauti kwaheri. Nyingine ni hii waliyonichagulia: dawa ya mshipani mara tatu, kila baada ya majuma matatu, pamoja na mionzi siku tano kwa juma hadi zitimie siku thelathini na tano. Dawa inaulegeza uvimbe, mionzi inaumaliza. Kwa uvimbe wa ukubwa huu, kimoja bila mwenzake hakitoshi. Ikifaulu, nitaishi, na sauti itabaki kwangu. Akaniambia, “Mama, usiruke hata siku moja. Ukiruka, uvimbe unapumzika.” Na mimi nimewaambia wanawake wangapi vivyo hivyo katikati ya uchungu?

Kabla ya hapo waling'oa meno manne mabovu, kwa sababu baada ya mionzi taya halitaki kuguswa. Kisha wakanifunika uso kwa plastiki ya moto yenye matundu, ikapoa ikashika sura yangu. Kila siku wanaifunga juu ya meza nisitikisike, ili mionzi ipige pale pale. Nikiondoka wanaitundika ukutani. Kwa hiyo sasa Ernestine wako wawili Kinshasa, na yule wa ukutani ana adabu kuliko mimi.

Mumeo ananiheshimu. Amenipa nyumba yake yote, na usiku analala kwa rafiki yake Yves. Asubuhi anapika uji, anaweka bakuli mlangoni, anagonga mara mbili, kisha anatoka hadi barabarani ili nile bila kuonwa. Kwenye gari la kwenda hospitali yeye anakaa mbele, mimi nyuma. Kwetu mama mkwe hali mbele ya mkwe wake wa kiume, na Christophe hajaisahau desturi hiyo kwa sababu ya lami ya Kinshasa. Umeolewa vizuri.

Usinipigie simu. Sauti nimekatazwa, na simu ya humu ndani ni yake, siwezi kupitishia mambo yangu humo. Barua nazipa abiria wa ndege hadi Kindu, kutoka hapo Mungu na pikipiki.

Mama yako,
Ernestine


Kabambare, Jumamosi tarehe 17 Juni 2023

Mama yangu,

Barua yako imefika jana na vumbi la njia nzima ya Kasongo. Djuma wa pikipiki aliitoa ndani ya shati lake, akakataa kuondoka mpaka nimsomee. Nilimsomea ya mashine, ya mkwe nikaacha.

Wanawake wanakuulizia kila siku. Yule Deborah waliyemweka mahali pako kwenye kituo cha afya ni msichana mwema, ana mikono mizuri, lakini anasema “sukuma” kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani. Juzi mke wa mchimba dhahabu mmoja aliletwa kutoka Lusangi, uchungu ulikuwa umesimama. Mama yake akalia, akasema, “Kama sauti ya Ernestine ingekuwa hapa, huyu mutoto angekuwa amekwisha toka.” Alitoka salama baadaye, usiwe na wasiwasi. Ila nilitaka ujue kwamba sauti yako ina nafasi yake huku, na nafasi hiyo iko wazi.

Mimi ni mzima. Miguu imevimba kidogo. Shule tunafunga hivi karibuni, kisha nitashuka Kasongo na shangazi Albertine nikajifungulie hospitalini, kwa kuwa ni mimba ya kwanza na wewe haupo. Nilidhani nitaizoea sentensi hiyo, wewe haupo. Nimeshindwa. Watu wote wa mji huu wamezaliwa mikononi mwako, na mimi nitazaa kwa wageni.

Jina liko pale pale. Akiwa msichana ni Rosine. Christophe hakumlilia mama yake vya kutosha, alikufa naye yuko safarini, na najua analisubiri hilo jina kama mtu anayesubiri mgeni wake stendi.

Sasa nijibu kweli, mama, nami nitajua ukinidanganya: unakula?

Shangazi amekutumia karanga za kusaga. Anasema ukizipa watu wengine ataona ndotoni.

Binti yako,
Viviane


Kinshasa, Jumanne tarehe 27 Juni 2023

Viviane mwanangu,

Nakula. Muulize mumeo: kila bakuli linarudi jeupe kama limelambwa na paka.

Jana wamenipa dawa ya pili ya mshipani. Inachosha, na inaacha masikioni mlio kama wa panzi wa kiangazi. Ndani ya koo kumekuwa kama mtu aliyemeza kaa la moto, na ulimi hautambui tena chumvi na sukari. Nilionja karanga za Albertine kwa ncha ya kidole, zikawa kama mchanga. Usimwambie. Daktari anasema yote hayo ni kazi ya dawa na mionzi kwa pamoja, kwamba yatazidi kabla ya kupungua. Ngozi ya shingo imeungua, inameta. Siku kumi na sita zimekwisha, Viviane. Sijaruka hata moja.

Na nina habari njema. Ile plastiki ya uso imelegea. Mwanzo ilinibana hata kope zikashindwa kupepesa. Sasa inacheza, naweza kugeuza kidevu ndani yake. Uvimbe unaondoka, mwanangu. Nilishukuru nikiwa juu ya meza ile ile.

Hapa jirani kuna Mama Arlette, anayekwenda sokoni alfajiri na kurudi giza limeingia. Ana bata sita. Wameupenda uwanja wetu wa nyuma hata hawataki tena kurudi kwao. Bata wa Kinshasa hawana haya.

Daktari amezungumza habari ya mpira mwembamba wa kupitisha puani hadi tumboni, chakula kimiminwe humo kwa bomba la sindano mara sita kwa siku. Vidole vyangu vinatetemeka siku hizi, kwa hiyo akataka awepo mtu nyumbani wa kumimina. Nilimwandikia kwenye karatasi kwamba sina mtu. Wewe mwenyewe unaelewa. Siwezi kukaa mbele ya mkwe wangu, mdomo wazi na makamasi yakitoka, anilishe kama kitoto. Uso ningeuweka wapi baada ya hapo? Na tena hauhitajiki, si nimekuambia plastiki imelegea.

Nenda polepole hadi Kasongo. Djuma akipita kwenye mashimo kwa haraka, mpige mgongoni.

Mama yako anayekula,
Ernestine


Kasongo, Jumatatu tarehe 3 Julai 2023

Christophe,

Nimeandika kwenye karatasi, na shangazi ataipiga picha akutumie, kwa sababu kwa simu ningepiga kelele, na nimekatazwa kupiga kelele.

Barua ya mama imenikuta hapa. Nilifurahi sana juu ya plastiki kulegea, nikaipeleka kwa muuguzi Salomon, yule aliyefanya kazi na mama Kabambare, nimfurahishe na yeye. Alisoma mara mbili, kisha akavua miwani. Akaniambia hivi: “Viviane, hiyo plastiki haipimi uvimbe. Inapima nyama ya uso. Mama yako anakwisha.” Akanieleza kwamba mionzi hulengwa kwa plastiki hiyo. Kichwa kikicheza ndani yake, mionzi inapiga pembeni, na uvimbe unabaki unacheka. Na mwili usiokula hauwezi kubeba dawa mbili kwa pamoja. Watasimamisha moja, halafu ya pili.

Nilirudi kwenye barua, nikaona wale bata.

Amka kesho uende nyuma ya nyumba yako, mume wangu, utazame bata wa Mama Arlette walivyonenepa. Halafu umtazame mama yangu. Umemtazama lini? Nakuuliza bila hasira, au na hasira kidogo. Anakufa njaa ndani ya nyumba yako kwa sababu ya heshima, yake na yako.

Viviane


Kinshasa, Jumanne tarehe 4 Julai 2023

Mke wangu,

Una haki ya hasira zaidi ya hiyo.

Sijamtazama tangu aanze mionzi. Nilijivunia jambo hilo. Nilipoweka bakuli nilikwenda barabarani nikageuka upande mwingine, nikahesabu muda wa mtu kula polepole, na nilipolikuta bakuli limerudi safi nilifurahi kama mpishi wa gavana. Nilimsikia akikohoa. Nilijiambia mtoto mwema hasikilizi kikohozi cha mama mkwe wake.

Leo asubuhi nilipita nyuma ya nyumba. Bata mmoja alikuwa amelala juu ya uji wangu, ameshiba mno hata hakunikimbia.

Hospitalini sikukaa nje kama siku zote, niliingia kwa daktari. Viviane, amepungua kilo tisa. Nilimwona akishuka kwenye mizani, gauni la bluu la Pasaka limekuwa pazia. Mionzi imesimamishwa leo, kesho na kesho kutwa, wanatengeneza plastiki nyingine. Daktari anasema siku tatu wataweza kuzifidia, zaidi ya hapo hawezi kuahidi. Mpira wa puani lazima uwekwe, na lazima nyumbani pawe na mtu wa kumimina. Vitanda vya hospitali vimejaa, na mama hajakubali. Alichukua kalamu akaandika, “Sina mtu.” Mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake, na daktari akanitazama.

Kumlazimisha siwezi. Akishikwa kwa nguvu atavuta ule mpira kwa mkono wake, unamjua. Muulize shangazi Albertine kama desturi hii ina mlango wa kutokea.

Christophe wako


Kasongo, Jumatano tarehe 5 Julai 2023

Baba Rosine,

Soma tena hapo juu nilivyokuita. Amezaliwa asubuhi hii, saa tatu, kilo tatu na gramu mia mbili, na paji la uso lako. Ni msichana. Nimechoka na ni mzima. Katikati ya uchungu nilimtafuta mama chumba kizima, nikaishia kujipigia kelele mwenyewe, “Sukuma, wewe, unamngoja nani?” Wakunga walicheka.

Shangazi anajibu swali lako. Mlango upo: mkwe analeta mbuzi, mama mkwe anamla mbele yake, na wajomba wa Kabambare wanashuhudia. Lakini ni lazima wote wawe uwanja mmoja, na mbuzi hapiti kwenye simu. Shangazi alilia baada ya kunieleza hayo, nami sijawahi kumwona akilia.

Nitazame usoni kwa mbali, Christophe. Sina shauri lingine. Mbebee mama habari ya mjukuu, labda itamtia hamu ya kumeza.

Mama Rosine


Kinshasa, Alhamisi tarehe 6 Julai 2023

Kwa mama mkwe wangu, ndani ya nyumba

Shikamoo mama. Nimeingiza karatasi hii chini ya mlango, na leo sikwenda barabarani. Nimekaa hapa nje, mgongo wangu kwenye mlango wako. Sikutazami.

Jana Viviane amejifungua salama, mtoto wa kike. Nimezungumza naye asubuhi hii kwa simu. Nilimwomba tubadilishe jina, akasema ndiyo. Kwa hiyo nakujulisha mimi kama baba: mtoto haitwi Rosine. Anaitwa Ernestine.

Wewe ndiwe uliyemfundisha Viviane kwamba kwetu anayepewa jina na mwenye jina ni mtu mmoja. Ndiyo maana watoto wanasalimiwa kwa heshima za babu zao, na mjomba wako, mzee mwenye mvi, alimwita kijana wa jina la baba yake “baba” mpaka alipokufa. Basi nimefikiri hivi. Mimi sasa nina mtoto anayeitwa Ernestine. Huyo mdogo yuko Kasongo, ananyonya kwa mama yake, simfikii. Mkubwa yuko nyuma ya mlango huu, hana wa kumlisha. Hakuna desturi, ya kwetu wala ya kwenu, inayomkataza baba kumlisha mtoto wake.

Wanawake wa Kabambare wamenihadithia unavyowaambia wakiona haya kitandani: mficha uchi hazai. Mama, unaficha njaa. Mimi nimeshamzika mama mmoja nikiwa mbali. Huyu wa pili niko naye mlangoni, na nakupenda, nimeona niliseme kwa sababu kwetu wakwe hawaambiani.

Plastiki mpya iko tayari. Daktari anatungoja saa nne na ule mpira.

Christophe, baba yake Ernestine


Siku ile ile

Christophe,

Na mama yako? Jina lake umelipeleka wapi? Mtoto wa kwanza ni zamu yenu. Nilimjua Rosine. Alikuwa mtu wa kusubiri, lakini si wa kurukwa kwenye foleni.

E.


Siku ile ile

Mama,

Nilimwomba ruhusa. Najua angesema wapishe wagonjwa mbele.

C.


Siku ile ile

Mtoto wangu Viviane ananizidi akili, sasa mume wake naye.

Nipe dakika nifunge kitambaa vizuri kichwani. Kisha fungua mlango unitazame, usishtuke. Waulize hospitalini ni kiasi gani cha maji kinatangulia kabla ya uji, usinizamishe.

Na wale bata wafukuze.

E.


Kabambare, Jumapili tarehe 26 Novemba 2023

Christophe,

Nakuandikia kutoka barazani kwangu, mjukuu yuko miguuni, anakula kona ya mkeka. Ana meno mawili. Mimi walining'oa manne, kwa hiyo anafidia polepole.

Viviane ameniambia unangoja kusikia yale daktari aliyoniambia siku ya mwisho, ulipokuwa umekwenda kuleta gari. Ni haya. Aliingiza kamera yake puani, akatazama muda mrefu, akasema hauoni uvimbe. Tezi ya shingo imelala. Nikamuuliza kama nimepona. Akasema neno hilo hatulitumii bado, tutalisogelea, na nirudi kila baada ya miezi mitatu atazame tena. Nimekubali. Anayenusurika hachagui njia ya kurudia nyumbani.

Nakula. Safari hii ni kweli. Uji mzito, samaki asiye na miiba, ugali laini wa bukari na sombe ya majani ya muhogo isiyo na pilipili. Mate ni machache, nabeba chupa ya maji popote kama mchimbaji wa Lusangi. Ladha ya chumvi imerudi, ya sukari bado. Panzi masikioni wamebaki, nimewazoea.

Sauti nayo iko. Nilidhani itarudi ile ya zamani. Haikurudi. Hii ni ya chini, ina mikwaruzo, kama mlango wa ghala. Siku ya kwanza nilimwogopesha Ernestine mdogo, akalia. Siku ya pili akanitazama mdomo. Sasa nikinyamaza ndipo analia.

Jana Deborah alituma mtu kuniita kituo cha afya. Mwanamke wa uzazi wa kwanza, amechoka, amekata tamaa. Sikugusa kitu, mikono ni ya Deborah. Niliinama tu sikioni mwake nikasema “sukuma”, na kwa kuwa sauti ni ndogo wote chumbani walinyamaza ili waisikie. Kumbe nilipoteza miaka yote ile nikipiga kelele. Alisukuma.

Sasa jambo lililonifanya nishike kalamu. Wajomba wanasema mkwe akija Krismasi alete mbuzi, mlango wa desturi ufunguliwe ipasavyo mbele ya watu. Nimewakatalia. Niliwaeleza yote: siku kumi na nne zilizobaki, mara sita kwa siku, ukiinua lile bomba juu kwa mkono mmoja na kunifuta pua kwa mkono mwingine, ukinisimulia habari za mpira wa miguu zisizonihusu ili nisione aibu. Kulikuwa na siku nilitaka kuuvuta ule mpira nife zangu, ukanishika kidole kimoja tu, hukukaza. Mjomba mkubwa alisikiliza hadi mwisho, akauliza mbuzi wa nini tena. Njoo mikono mitupu.

Mtoto wa pili atakuwa Rosine, awe wa kike au wa kiume tutajua la kufanya. Nitampokea mimi, kwa sauti hii iliyobaki, na nitamwomba radhi kwa kumpita njiani.

Ukifika usigonge mara mbili ukaenda barabarani. Ingia. Tutakula bakuli moja.

Mwanao,
Ernestine